Mordekai Alipita Kila Siku

Somo la mwezi: Kijana anapotoka katika makao ya watoto
Kusomwa nyumbani: Esta 2:5–11 na 2:19–22, Esta 4, Esta 9:29



Katika daftari la ubatizo la mtaa wetu yamo majina ambayo, mahali pa kuandika jina la baba na la mama, pamepigwa kistari tu. Wengi wetu tulikuwapo siku walipobatizwa wenye majina hayo. Tuliwapigia vigelegele, tukawaona wakikua, wakiimba katika kwaya ya watoto, wakipokea kipaimara kwa Baba Askofu. Hao ni watoto waliolelewa katika makao ya watoto yatima, na wengine katika familia zisizo za damu yao zilizowapokea kwa kibali cha Ustawi wa Jamii. Malezi haya ya pili serikali huyaita malezi ya kambo.

Watoto hawa hatukuwasahau. Wakati wa mavuno tunapeleka mahindi na maharagwe. Krismasi tunapeleka nguo na sabuni. Lakini lipo jambo ambalo hatujalifikiri vya kutosha, nalo ni kwamba mtoto huyu hatabaki mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Makao yamejengwa kwa ajili ya watoto. Basi siku inafika ambapo kitanda chake kinahitajiwa na mwingine, naye anaagwa. Mwezi wa Desemba mwaka huu vijana wawili wa mtaa wetu wataagwa hivyo. Somo hili tumeliandika kwa ajili yao, na kwa ajili yetu.

Kosa letu wenyewe

Sisi tunaoandika tulifundisha katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na si haki kuwafundisha wengine kabla ya kusema letu.

Katika miaka ya 1990 alikuwapo mwanachuo mmoja aliyelelewa katika makao ya watoto. Alikuwa kijana mtaratibu, mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wengine. Kila likizo ilipofika, wenzake walibeba masanduku yao hadi kituo cha basi. Yeye alibaki. Tulipokuwa tukipita na vikapu vyetu kwenda sokoni tulimkuta ameketi barazani pa bweni, tukamwuliza, “Hujaondoka bado?” Naye akajibu, “Bado, mwalimu.” Likizo ya pili tukamwuliza vilevile, akajibu vilevile. Likizo ya tatu hali kadhalika. Kwa miaka miwili tuliuliza swali lile lile, tukaridhika na jibu lile lile, tukaenda zetu.

Siku ya mahafali wazazi walikuja na mashada ya maua, kanga na khanzu, na kila mhitimu alizungukwa na watu wake. Kijana yule alipokea cheti chake, akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu wote akaelekea jikoni. Alikwenda kumwonyesha mpishi wa chuo. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba mzee yule, ambaye hata kusoma cheti hakuweza, ndiye aliyekuwa akimwekea sahani ya ugali kila siku ya likizo, na kukaa naye mpaka amalize kula.

Kijana hakutuletea sisi cheti kile, ingawa sisi ndio tuliomfundisha. Alimpelekea mtu aliyekuwa akitaka kujua habari zake. Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma sura ya pili ya kitabu cha Esta kwa macho mengine.

Tujifunze kwa Mordekai

Esta alikuwa yatima wa baba na mama. Mordekai, mtoto wa baba yake mkubwa au mdogo, alimtwaa akamlea kama binti yake. Mara nyingi tunapolisoma fungu hili tunaishia hapo, tunamsifu Mordekai kwa kumlea yatima, tunafunga kitabu. Lakini tuendelee mbele kidogo, maana yapo mambo manne.

Kwanza, Esta hakuchagua siku ya kutoka nyumbani. Ilitoka amri ya mfalme, naye akachukuliwa. Wala hakwenda mahali alipopazoea. Kijana wa makao naye hachagui siku yake. Umri umetimia, au shule imekwisha, basi. Mtoto wetu wa nyumbani akitimiza miaka 18 hatumfungii mlango. Akikosa kazi mjini anarudi kijijini, anakuta ugali na mkeka. Akiachwa na mumewe anarudi kwa mama yake. Huondoka na kurudi mara nyingi kabla hajasimama imara. Kijana wa makao anaondoka mara moja tu.

Pili, Mordekai hakuwa na ruhusa ya kuingia katika nyumba ile, wala hakuwa na uwezo wa kumtoa. Alichoweza ni kutembea mbele ya ua, nacho alikifanya kila siku, ili ajue hali ya Esta na yaliyompata (Esta 2:11). Tusifikiri kwamba hili ni jambo dogo. Mtu anayejua kwamba yuko mmoja nje ya ukuta anayeulizia habari zake ana nguvu ambazo mwenzake hana.

Tatu, Mordekai alimwambia Esta ukweli. Hatari ilipokuja hakumbembeleza, wala hakumficha. Alimwambia kwamba kukaa katika nyumba ya mfalme hakutamwokoa (sura ya 4). Mlezi asiyeweza kumwambia kijana wake ukweli bado hajawa mlezi.

Nne, mambo yaligeuka. Mordekai alipovaa gunia, Esta ndiye aliyempelekea mavazi. Na mwisho wa sura ile ile ya nne, Esta anatoa agizo, naye Mordekai anakwenda na kufanya yote aliyoagizwa. Baadaye waliandika barua pamoja, kwa mamlaka moja (Esta 9:29). Aliyelelewa amekuwa mtu mzima, na aliyelea amekubali. Huu ndio mwisho mwema wa malezi.

Kanisa letu lilianza na vijana wa namna hii

Asije mtu akasema kwamba kazi hii ni ngeni kwetu. Askofu Tozer wa UMCA alifika Unguja mwaka 1864, na miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa, aliopewa na Sultani Majid. Walikuwa watoto wasio na baba wala mama wa kuwapokea. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Mwingine aliyekuwa mtumwa utotoni, Cecil Majaliwa, alipewa upadre mwaka 1890, akafanya kazi Chitangali upande wa Masasi. Kabla kanisa hili halijawa na mapadre wenye ukoo na mashamba ya babu zao, lilikuwa na watoto waliookotwa.

Na tuangalie jinsi walivyosimama. Shule peke yake haikutosha. Mbweni, nje kidogo ya mji wa Unguja, misheni ilinunua ardhi mwaka 1871, na watu waliowekwa huru wakapewa vipande vya kujenga na kulima. Vijana walifundishwa kazi za mikono, kama useremala, uashi na uchapaji. Wasichana walioolewa walitoka Mbweni kwa harusi, wakiwa na watu wa kuwasindikiza, na wengine walikuwa walimu. Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Wengi walikua bila kujua kijiji walikozaliwa, na wengine walizoea kuongozwa na misheni mno. Lakini wazee wetu walifahamu jambo moja ambalo sisi tumelisahau: kijana asiye na ukoo anahitaji mahali pa kukaa, kazi ya mikono, na mlango wa kurudia.

Anachokikosa kijana siku ile

Kwa kuwa sisi tumezungukwa na ndugu, hatuoni mambo ambayo ndugu hutufanyia. Tuyataje machache.

Ametoka mahali palipopikwa chakula cha watu arobaini. Anajua kusonga ugali kwa mwiko mkubwa, lakini hajawahi kupika wali wa mtu mmoja, wala kununua mafuta ya kupima, wala kufanya unga wa kilo mbili ufike mwisho wa juma. Fedha hakuishika. Akipata mshahara wa kwanza huumaliza kwa siku tatu, nasi tunasema ameharibika. Hakuharibika, hakufundishwa.

Akitaka chumba, mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mitatu au sita kwa pamoja, na kumwuliza nani anamfahamu. Akitaka kazi, anaambiwa alete wadhamini wawili. Akiugua hospitalini, muuguzi anauliza, “Ndugu wa mgonjwa yuko wapi?” Msiba ukimpata hajui aulilie wapi.

Na akipata mchumba? Hapa ndipo mambo yanapomwumiza wengi. Barua ya posa itapelekwa kwa nani? Nani atapokea mahari ya binti yule? Nani atakuwa mshenga wa kijana yule? Tumewahi kusikia wazee wa upande wa pili wakisema, “Huyu hana kwao, tutazungumza na nani?” Neno hilo lilivunja uchumba wa watu wawili waliopendana kwa haki, na wasemaji walikuwa Wakristo wa kumega mkate pamoja nasi.

Nchi zenye fedha nyingi nazo zimelitambua tatizo hili. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2000 ikizitaka halmashauri kumwekea kijana anayetoka katika malezi mpango ulioandikwa na mtu wa kumshauri. Kwa sheria ya mwaka 2017 ushauri huo waweza kuendelea hadi afikie miaka 25. Nao mwongozo juu ya malezi mbadala uliopokewa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2009 unaelekeza kwamba matayarisho yaanze mapema, kabla kijana hajatoka, na kwamba, kila iwezekanapo, apewe mtu maalumu wa kumsaidia ajitegemee. Kwa maneno mengine, wanatafuta Mordekai.

Yanayotupasa kufanya

(a) Hati zake. Kazi ya kwanza si fedha, ni karatasi. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa atapata taabu kupata kitambulisho cha taifa, na bila kitambulisho hicho milango mingi imefungwa, hata kusajili laini ya simu. Anapochelewa kuandikishwa RITA, hutakiwa kuonyesha vielelezo kama kadi ya kliniki, cheti cha shule ya msingi, au cheti cha ubatizo. Cheti cha mwisho kimo mikononi mwetu. Basi Katibu wa mtaa atoe vyeti vya ubatizo vya vijana hawa sasa, wasingoje mpaka waombe. Kadhalika kijana atoke makaoni na barua inayotaja miaka aliyoishi pale, na habari zote za wazazi wake zilizopo katika faili. Habari hizo ni zake.

(b) Urithi wake. Baadhi ya vijana hawa si maskini kama tunavyodhani. Baba alikufa akaacha shamba, na shamba linalimwa na amu au mjomba. Sheria ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto manufaa ya haki katika mali ya mzazi wake. Mambo haya huamuliwa vizuri zaidi akiwapo mzee wa kanisa anayemsindikiza kijana kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwa serikali ya kijiji, na ikilazimu Mahakama ya Mwanzo. Twende kwa upole, maana amu yule naye ni ndugu yake, na huenda ndugu wakapatikana pamoja na shamba.

(c) Kazi ya mikono. Vyuo vya VETA vinafundisha ushonaji, umeme, uashi, ufundi wa magari na mengineyo. Kijana aanze kabla hajatoka, si baada. Wako pia kati yetu mafundi wenye karakana zao. Kila mmoja aweza kumpokea mwanafunzi mmoja kwa mapatano yaliyoandikwa. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi. Kijana asiye na ndugu hana kikundi, ila tukimwingiza katika chetu.

(d) Mazoezi ya kuishi. Kuanzia mwaka wa mwisho, kila kijana apate nyumba moja ya kufika Jumamosi. Asije kama mgeni wa kuandaliwa soda. Aende sokoni na mama wa nyumba, ahesabu chenji, apike chungu kidogo, aone mume na mke wanavyogombana juu ya fedha na kupatana. Mambo haya hayafundishwi darasani. Sisi walimu tunakiri.

(e) Watu wa kusimama. Wazazi wa ubatizo waitwe wakumbushwe ahadi yao. Wakiwa wamekufa au wamehama, mtaa uchague mume na mke wa kushika mahali pao, na majina yao yaandikwe. Hao ndio watakaokuwa wadhamini wake kazini, watakaokwenda hospitalini, watakaopokea barua ya posa na kuketi mkekani siku ya kuzungumza mahari. Siku nyingine kazi yao itakuwa kupita tu mbele ya ua na kuuliza, “Umeamkaje?”

Hadhari tatu

Kwanza, wapo wanaotaka kumchukua kijana wa makao ili wapate mtumishi wa ndani asiye na mshahara. Akifanya kazi alipwe. Asipolipwa, hiyo si huruma, ni wizi.

Pili, binti asiye na watu huvutia watu wabaya, hata wenye kuvaa vizuri Jumapili. Kwa hiyo mwanamume peke yake asipewe dhamana ya binti. Mambo yote yafanywe na mume na mke, au na wanawake wawili wa Umoja wa Mama, na Padre na Afisa Ustawi wa Jamii wajue.

Tatu, tusidai shukrani. Kijana atakosea. Atapoteza kazi, atatumia vibaya fedha tulizomchangia, pengine atatujibu vibaya. Wana wetu wa kuzaa wametufanyia hayo yote, na bado sahani zao tunawawekea. Tukiwa na subira kwa hao tu, kipo kipimo kimoja cha nyumbani na kingine cha kanisani.

Mwisho wa somo

Gunia la mahindi ni jema, tuendelee kulipeleka. Lakini linaliwa likaisha, nalo halimwulizi mtu habari zake. Vijana wawili watatoka mwezi wa Desemba, kila mmoja akiwa na begi lake na godoro. Kazi ya mtaa huu ni kuhakikisha kwamba kabla ya siku hiyo kila mmoja anajua nyumba moja anayoweza kwenda usiku bila kubisha hodi mara mbili.

Yule mwanachuo wa miaka ile sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ana mke na watoto. Mzee mpishi alipofariki, yeye ndiye aliyechimba kaburi pamoja na wana wa marehemu, na katika kutaja majina ya watoto walioachwa, jina lake lilitajwa.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Someni Esta 2:11. Katika mtaa wetu, “ua” ambao tungepita kila siku ni upi? Nani hupita sasa?
2. Ulipokuwa na umri wa miaka 18 mpaka 25, ni mara ngapi ulirudi nyumbani kwa shida? Ungekuwa wapi kama mlango ungekuwa umefungwa?
3. Je, wewe ni mzazi wa ubatizo wa nani? Mara ya mwisho ulizungumza naye lini?
4. Kijana asiye na ukoo akimposa binti yako, utamtaka alete nani? Jibuni kwa kweli.
5. Ni nyumba zipi mbili katika jumuiya hii zinaweza kufunguliwa siku za Jumamosi? Majina yapelekwe kwa Padre kabla ya mwisho wa mwezi.

Sala

Ee Mungu, Baba wa wasio na baba, uliyemweka Mordekai nje ya ukuta kwa ajili ya Esta: utusamehe mara zote tulipouliza habari za mtu bila kungoja jibu. Wabariki vijana wanaotoka makaoni mwaka huu. Uwape kazi, mahali pa kulala, na watu wa kuwaita kwao. Utupe sisi miguu ya kupita kila siku, na unyenyekevu wa kuwatii watakapokuwa wakubwa kuliko sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.